Heffelfinger hakuanzisha kulipwa

Wiki hii nimeletewa tena, na kwa herufi kubwa: "Futiboli ya Kimarekani ilikuwa ya ridhaa tupu mpaka Heffelfinger alipolipwa." Jamani, hapana.

Tummalize haraka mtu mwenyewe. William Heffelfinger, aliyeitwa Pudge, alizaliwa Minneapolis mwaka 1867 na akawa gadi (mchezaji wa mstari wa mbele anayezuia wapinzani) wa timu ya Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1888 hadi 1891. Msimu wake wa kwanza Yale ilifunga pointi 698 bila kuruhusu hata moja. Wa mwisho, 488 kwa sifuri. Kikosi cha nyota wa nchi nzima kilipoanza kuteuliwa mwaka 1889 alikuwamo, na miaka miwili iliyofuata vilevile. Gadi, si kwotabeki, yule mchezeshaji ambaye leo hurusha pasi! Pasi ya mbele ilihalalishwa 1906, kwa hiyo anayemchora akirusha mpira aendelee na katuni zake. Sifa yake kubwa ni kuchomoka kwenye mstari na kumtangulia mbeba mpira akimfagilia njia, kazi ambayo magadi wanaifanya mpaka leo.

Sasa pesa. Tarehe 12 Novemba 1892, klabu ya Allegheny Athletic Association, ambayo Heffelfinger aliichezea, ilikutana na Pittsburgh Athletic Club. Wapinzani walipomwona Heffelfinger uwanjani wakagoma: huyu mamluki! Watu walikuwa wameshaweka dau. Ikabidi dau zifutwe, mechi ihesabiwe ya kirafiki, na muda ukapunguzwa. Heffelfinger akasababisha mpira udondoke, akauokota, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja wa wapinzani, yaani tachidauni. Tachidauni wakati huo ilikuwa pointi 4, na matokeo yakaishia 4-0.

Daftari la hesabu la Allegheny linaonyesha dola 500 taslimu kwake kwa kucheza, mbali na dola 25 za nauli. Hapo ndipo wengi wanapokurupuka. Daftari linathibitisha malipo ya kwanza *tunayoyaona kwa maandishi*. Halisemi kabla yake watu walicheza kwa mapenzi. Klabu zilikuwa na ujanja wake: mchezaji anapewa saa ya thamani kama zawadi, anaiweka rehani, klabu inaikomboa, wiki ijayo anazawadiwa saa ileile. Au nauli inalipwa maradufu. Ukiniuliza kama huko si kulipwa, nitakuuliza kulipwa ni nini. Waliokula kwa mlango wa nyuma hawakuandikwa popote, ndiyo maana hatuna jina la wa kwanza, na sitarajii tulipate.

Kuna jambo linalonisumbua hata mimi, na vitabu hulipita kimyakimya. Daftari ni la klabu. Heffelfinger mwenyewe hakuwahi kukiri hadharani kwamba alipokea. Ninaamini alipokea, maana mhasibu hana sababu ya kujitungia siri inayoweza kuiponza klabu yake. Lakini imani yangu inategemea upande mmoja wa hesabu, na ningependa wanaoapa kwa jina la daftari hilo wakumbuke hivyo.

Baadaye alifundisha timu za vyuo vikuu vya California, Lehigh na Minnesota, akaishi hadi 1954.

Na wiki moja tu baada ya mechi ile, daftari hilohilo linamwonyesha mchezaji Ben Donnelly akilipwa dola 250. Huyo hajawahi kuletewa kwangu kwa herufi kubwa.