Kuhariri Wikipedia si kuandika programu

Wengi wakibofya "Hariri chanzo" katika Wikipedia ya Kiswahili na kukuta alama zimetapakaa, hufunga ukurasa wakiamini kwamba hiyo ni kazi ya wataalamu wa kompyuta. Sivyo. Alama za lazima ni chache, na mtu huzizoea upesi.

Yenye faida kuliko zote ni mabano mraba, mawili kila upande. Ukiandika [[Kilwa Kisiwani]], msomaji anapata kiungo cha kumpeleka kwenye makala hiyo. Sentensi ikihitaji maneno mengine, weka mstari wima: [[Kilwa Kisiwani|kisiwa hicho]]. Msomaji ataona "kisiwa hicho" tu. Kiungo kikitokea chekundu, ama umekosea tahajia ama makala bado haipo, na unaweza kuianzisha wewe.

Herufi nene ndizo zinazowatatiza wageni, maana huweka alama za kunukuu. Kinachotakiwa ni ritifaa, ile ile ya ng'ombe, tatu kila upande: '''Kilwa'''. Zikiwa mbili, maandishi hulala. Kichwa cha sehemu huandikwa == Historia ==.

Na hofu ya kuharibu makala haina msingi: matoleo ya awali hubaki kwenye historia ya ukurasa, na mhariri yeyote anaweza kuyarudisha.