Mkopo si ufadhili, na mdhamini si mfadhili

Nimeisikia tena wiki hii: "Nimepata ufadhili wa mkopo." Aliyeisema ni mtu mzima, fundi umeme wa miaka 15, ambaye sasa anasoma kozi ya maandalizi ili mwakani aombe nafasi chuo kikuu. Nilimpongeza kwa moyo wote, maana kurudi darasani ukiwa na familia si jambo dogo. Lakini sentensi yake imenikaa kichwani tangu siku hiyo. Aliyefadhiliwa hadaiwi. Aliyekopeshwa anadaiwa. Huwezi kuwa vyote viwili kwa shilingi ile ile.

Nianze na maana yenyewe, kwa haraka. Msaada wa fedha kwa watu wazima wanaojiandaa kuingia elimu ya juu ni fedha yoyote, iwe ya serikali, ya chuo, ya mwajiri au ya taasisi ya hisani, inayomwezesha mtu aliyekwisha kuacha shule kusoma kile kitakachomfikisha kwenye mlango wa chuo: kozi ya msingi, kozi ya maandalizi, masomo ya sekondari aliyoyakatiza, au mtihani wa kuingilia wa watu wazima. Fedha hiyo hulipa ada, au hulipa kujikimu, yaani nauli, vitabu, mtu wa kukaa na watoto, na lile pengo la mshahara linaloachwa na saa za darasani. Hutolewa kama ruzuku isiyorudi, kama mkopo unaorudi, au kama msamaha wa ada, ambapo hupokei kitu mkononi ila hudaiwi ulichopaswa kulipa. Hayo ndiyo maelezo, na hayana ugumu. Ugumu uko kwenye majina.

Tuanze na fadhili. Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi unaobeba maana ya ziada, kile kinachobaki mtu akishajitosheleza. Kutokana na ziada hiyo ikaja maana ya wema: nina ziada, nakupa. Mzizi huo umetuzalia jamaa wengi tunaowatumia kila siku bila kuwatambua. Afadhali, yaani kilicho bora kuliko kingine, ni ndugu yake. Tafadhali nalo ni ndugu yake: ukisema "tafadhali nipe maji" unamwomba mwenzio akufanyie jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Hapo ndipo kiini cha neno kilipo. Mfadhili ametoa asichodaiwa, na aliyepokea haachiwi deni ila shukrani. Ndiyo maana wahenga walipotaka kulalamikia watu wasiokumbuka wema walisema mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Kosa la binadamu huyo ni kukosa shukrani. Hakuna popote methali inaposema amechelewesha rejesho.

Sasa kopa. Kiswahili ni makini sana hapa kuliko tunavyokipa sifa. Tuna kuazima na tuna kukopa, na si kitu kimoja. Ukiazima jembe, unarudisha jembe lile lile, na mpini wake. Ukikopa fedha, zile ulizopewa zimekwenda; unarudisha nyingine za thamani ile, na mara nyingi na riba juu. Mkopo kwa hiyo ni ahadi juu ya fedha ambayo bado huna. Kwa mtu anayejiandaa kuingia chuo, ni ahadi juu ya mshahara wa kazi ambayo hajaipata, itakayotokana na shahada ambayo hajaianza, katika chuo ambacho bado hakijampa nafasi. Sisemi asikope. Nasema ajue kwamba amekopa. Kukopa harusi, kulipa matanga, na mtu aliyeambiwa siku ya harusi kwamba ile ilikuwa zawadi hatajiandaa kwa matanga.

Tena tazama kiambishi -esh-. Mkopeshaji amekukopesha: amekufanya ukope. Kitenzi chenyewe kinakuonyesha nani atabaki na mzigo. Ufadhili hauachi mzigo wa namna hiyo.

Neno linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni udhamini. Nalo ni la Kiarabu, kutoka mzizi wa kuchukua jukumu kwa niaba ya mwingine. Ndio mzizi wa dhamana, ile anayowekewa mshtakiwa ili akae nje hadi kesi isikilizwe. Katika maana hiyo ya asili mdhamini hatoi kitu leo. Anasimama nyuma yako na kusema: huyu akishindwa, nishikeni mimi. Lakini tumekuwa tukilitumia neno hilo hilo kwa kampuni inayolipia jezi za timu, kwa wajumbe wa baraza la wadhamini wanaotunza mali ya taasisi, na kwa yule anayemlipia mwanafunzi ada. "Udhamini wa masomo" limekuwa jina la kawaida kabisa la kile ambacho wengine wanakiita ufadhili wa masomo. Wasomi wengi hawaoni tatizo. Mimi naliona, kwa sababu nimelikuta limeandikwa kwa kalamu ya bluu.

Dada mmoja wa miaka 41 aliniletea fomu nimsaidie kuikagua kabla hajaipeleka. Mwandiko wake ni mzuri, wa mtu aliyefundishwa kuandika juu ya mstari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa safi, wa pili pia. Ukurasa wa tatu palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Jina la mdhamini", na hapo alikuwa ameandika jina la taasisi ile ile iliyokuwa inamkopesha. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini jua linawaka. "Mwalimu, si wao ndio wanaonidhamini masomo?"

Alikuwa sahihi kwa Kiswahili alichokisikia maisha yake yote. Fomu nayo ilikuwa sahihi kwa Kiswahili cha sheria. Ilitaka jina la mtu atakayebanwa yeye asipolipa. Tulipoisoma pamoja ile aya ndogo chini ya nafasi, neno kwa neno, alinyamaza, kisha akauliza kama kaka yake, aliyeahidi "kumsimamia", anajua kwamba kusimamia huko kunaweza kuwa kulipa. Kaka hakujua. Fomu ilikaa siku nne zaidi nyumbani wakazungumza kama familia, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Fomu ile ile ilimwita yeye "mnufaika". Sina ugomvi na kunufaika, maana elimu ina manufaa kwa aliyefadhiliwa na kwa aliyeikopea pia. Ila kwenye karatasi ya mkopo, mtu anayeitwa mnufaika kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho anafika kwenye sahihi bila kukutana hata mara moja na neno mdaiwa. Mkataba wa mkopo umwite mkopaji.

Basari na skolashipu nazipita kwa haraka. Basari imetujia kupitia Kiingereza kutoka Kilatini bursa, mfuko wa fedha, na nyuma yake kuna neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi, kwa kuwa mifuko ilishonwa kwa ngozi. Katika vyuo vya Ulaya vya zama za kati bursa ilikuwa posho aliyopewa mwanafunzi ili aweze kuishi, na boursier, neno la Kifaransa la mwanafunzi mwenye msaada wa masomo, limezaliwa humo. Skolashipu inafika hadi neno la Kigiriki la wasaa, muda ambao mtu hajabanwa na kazi. Anayesoma ni yule mwenye nafasi ya kusoma. Mtu mzima mwenye watoto na zamu za usiku atalielewa neno hilo kuliko profesa yeyote, maana anachotafuta hasa ni kununuliwa wasaa. Kwa matumizi ya leo, basari kwa kawaida hutazama uhitaji na skolashipu hutazama ufaulu, ingawa watoaji huchanganya. Zote mbili hazirudishwi. Hilo tu ndilo la kushika.

Kwa nini nalia zaidi juu ya watu wazima wanaojiandaa, na si juu ya wanafunzi wote? Kwa sababu hatua hii ya maandalizi ndiyo ambayo sheria za nchi huitazama kwa macho tofauti kabisa, na neno moja la jumla linaificha tofauti hiyo.

Ujerumani kuna sheria ya msaada wa masomo, BAföG, iliyoanza mwaka 1971. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayestahili hupewa, kwa kawaida, nusu kama ruzuku na nusu kama mkopo usio na riba, na sehemu ya kurudisha ina kikomo cha euro 10,010. Lakini mtu mzima anayesoma kwenye Kolleg, shule inayowaandaa watu waliokwisha kufanya kazi ili wapate cheti cha kuingilia chuo kikuu, akistahili msaada chini ya sheria hiyo hiyo hupewa wote bila kurudisha. Yaani kabla ya mlango ni ruzuku tupu; ukishaingia, nusu ni deni. Ukimwambia mtu "nimepata BAföG" bado hujamwambia kama unadaiwa.

Uingereza, kwa upande wa England, njia ni nyingine. Mtu wa miaka 19 na zaidi anayesoma kozi iitwayo Access, iliyotengenezwa mahsusi kwa watu wazima wanaolenga chuo kikuu, anaweza kuchukua mkopo wa wanafunzi watu wazima. Fedha haipiti mkononi mwake. Inakwenda moja kwa moja kwa chuo kulipa ada. Kipato chake hakiangaliwi ili apewe, bali huangaliwa wakati wa kulipa, maana marejesho huanza pale tu mshahara unapovuka kiwango kilichowekwa. Na kuna kipengele ambacho ningependa kila mwalimu wa watu wazima akijue: akiendelea na kumaliza kozi ya elimu ya juu inayotambuliwa na mfumo huo wa mikopo, salio la deni la Access linafutwa.

Sasa hiyo ni nini? Watu husema, "Basi ni ufadhili." Hapana. Ni mkopo wenye sharti la kusamehewa. Siku unaposaini, unadaiwa. Ukiishia njiani, kwa ugonjwa, kwa kuuguza mzazi, kwa kukosa nafasi, bado unadaiwa. Msamaha unakuja mwishoni, kwa aliyefika. Ukiuita ufadhili tangu mwanzo umemficha mtu hatari ile ile inayomhusu zaidi, kwa kuwa watu wazima ndio wenye sababu nyingi za kuishia njiani. Na ukiuita mkopo tu ukanyamaza, umemtisha mtu ambaye pengine asingelipa chochote. Inabidi useme sentensi nzima.

Niongeze jambo moja kwa haki ya neno ruzuku, maana nalo linaonewa. Ni ndugu wa riziki. Ndiyo maana twasema Mungu amemruzuku mtu mtoto. Si lazima liwe na harufu ya hisani. Marekani ilipopitisha mwaka 1944 sheria inayojulikana kama G.I. Bill, wanajeshi waliotoka vitani walilipiwa karo hadi dola 500 kwa mwaka wa masomo, na juu yake wakapewa posho ya kila mwezi, mwanzoni dola 50 kwa asiye na wategemezi na 75 kwa mwenye nao. Zaidi ya milioni 2 wakaingia vyuoni kwa njia hiyo, wengi wao watu wazima wenye wake na watoto. Walichopewa hakikuwa mkopo, na ukikiita fadhila utakuwa umewapunguzia, kwa sababu walikuwa wamekitumikia. Kilikuwa stahiki yao kisheria. Kwa hiyo hata mahali ambapo fedha hairudi, ufadhili si jina la kila kitu: aliyetoa kwa hiari amefadhili, sheria iliyotoa kwa anayestahili imetoa ruzuku.

Na kuna posho ya mwajiri, ambayo iko katikati: kampuni inakulipia kozi, na mkataba unasema utafanya kazi pale miaka kadhaa au urudishe gharama. Hapo mimi husema "amelipiwa kwa masharti" na kumwacha mwenye mkataba aeleze mwenyewe.

Yule fundi umeme nilimpigia simu baadaye, si kumsahihisha mbele ya watu. Nilimwomba asome kipengele cha marejesho aniambie kinaanza lini. Alikuwa hajakiona. Akakisoma kwenye simu, taratibu, kisha akasema, "Kumbe huu ni mkopo wa masomo." Ndiyo, kaka, unaitwa hivyo tu, mkopo wa masomo, na si aibu kuuita hivyo.