Je, wajua kwa nini sungura na kangaruu wana vena mbili kubwa, yaani mishipa ya kurudisha moyoni damu ya kichwani, pale ambapo wewe una moja?

Tulikuwa tukipasua sungura katika maabara ya shule, hapa Njoro, karibu na Nakuru. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akaweka koleo chini, akaniita: "Mwalimu, kwenye mchoro vena kava ya juu ni moja. Huyu wangu anazo mbili. Ni mlemavu?"

Sungura wake alikuwa mzima kabisa. Wote wako hivyo. Panya yuko hivyo, na hata kuku unayemchinja Krismasi yuko hivyo. Wanyama wa mfuko kama kangaruu nao wanazo mbili: ya kulia na ya kushoto, kila moja ikirudisha moyoni damu ya upande wake wa kichwa, shingo na mkono wa mbele. Mchoro ukutani ulikuwa wa binadamu.

Swali zuri basi ni kinyume chake: sisi ya kushoto tuliipeleka wapi?

Tulikuwa nayo. Kiinitete cha mtu huanza na vena mbili kubwa zinazoshuka kutoka kichwani, sawasawa na cha sungura. Karibu na wiki ya 8 tumboni, hujitokeza vena inayokatiza kifuani kama daraja, kutoka kushoto kwenda kulia. Damu ya kushoto huvuka hapo, na shina la kushoto, likikosa damu, hunywea. Mwaka 1850 mtaalamu Mwingereza, John Marshall, alilinganisha vena hizi kwa binadamu na wanyama wengine, akaonyesha kwamba mabaki ya shina hilo la kushoto bado yapo: mkunjo mdogo nyuma ya moyo. Sehemu yake ya chini haikufa. Ndiyo mfereji unaopokea damu iliyolisha misuli ya moyo wenyewe.

Kwa kangaruu daraja hilo halichukui kazi, kwa hiyo shina la kushoto hubaki na kunenepa.

Mtu anaweza kudhani ni kwa sababu kangaruu huzaliwa mchanga mno. Kweli, kangaruu mwekundu huzaliwa baada ya siku 33 hivi, akiwa na uzito usiofika gramu moja, kisha hukulia mfukoni. Mimi siikubali sababu hiyo. Sungura hana mfuko, na kuku hutoka kwenye yai akitembea, lakini wote wanazo mbili. Mpango wa vena mbili ni wa kale zaidi. Sisi ndio tuliouacha.

Na hatukuuacha sote. Kati ya watu 1,000, watatu hadi watano hivi huzaliwa na vena ya kushoto ikiwa wazi. Wengi hawajui maisha yao yote, mpaka siku daktari anapopitisha waya wa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo upande wa kushoto, na waya ukashuka njia asiyoitarajia.

Nilimpa msichana yule bomba la sindano lenye maji ya wino wa buluu, nikamwambia asukume polepole kwenye vena ya kushoto. Buluu ikashuka, ikazunguka nyuma ya moyo, ikajaza chumba cha juu cha kulia, kile kile ambamo vena ya kulia ilikuwa imefungukia.