Kuchagua kuku wa mayai ya kahawia iliyokoza

Wanaotaka kuanza kufuga kuku wa mayai ya kahawia iliyokoza huniuliza karibu wote swali lilelile: nichukue kuku aina ya Marans au Welsummer? Nami huwauliza: unataka yai la rangi gani mwezi wa Agosti? Huku Ulaya ninakofugia, mitetea huanza kutaga siku zinaporefuka, na mayai ya Machi hupendeza hata kwa kuku wa ukoo wa kawaida. Kadiri msimu unavyosonga ndivyo ganda linavyopauka. Ukoo mzuri hujulikana mwisho wa msimu.

Sababu iko ndani ya kuku mwenyewe. Yai huchukua takribani saa 25 kutengenezwa, na saa 20 hivi kati ya hizo hukaa kwenye tezi ya ganda. Ganda hujengwa kwa chokaa nyeupe. Rangi ya kahawia, iitwayo protopofirini, hupakwa kwa wingi saa za mwisho kabla ya kutagwa. Kwa hiyo hubaki juujuu. Vunja yai la Marans uangalie upande wa ndani: utaona weupe. Yai la buluu la kuku aina ya Araucana ni tofauti, kwa kuwa rangi yake hupenya ganda lote. Yai la kahawia iliyokoza likitagwa tu, bado lina unyevu, ukilikwaruza kwa ukucha rangi inatoka, na ukiliosha kwa kusugua litabaki na mabaka. Usiyasugue mayai haya. Weka matandiko makavu kwenye viota, yatatoka safi yenyewe.

Tezi hiyo ina kikomo chake. Kuku wa kisasa kama Isa Brown hutaga mayai zaidi ya 300 kwa mwaka, yote ya kahawia ya kawaida. Kuku wa mayai yaliyokoza hutaga kati ya 150 na 200, na mara nyingi yule anayetaga machache ndiye mwenye rangi nzito kuliko wenzake. Anayekuahidi vyote viwili, rangi nzito na mayai 300, usimpe pesa zako.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe. Marans wanatoka mji wa Marans, kaskazini ya La Rochelle, pwani ya magharibi ya Ufaransa. Kuku wa mabwawani wa huko walichanganywa na Langshan, kuku wa Kichina walioingia Ulaya karne ya 19, na humo ndimo tunamoamini rangi ilipatikana. Wafaransa wana chati ya rangi ya mayai kuanzia 1 hadi 9, na yai lililo chini ya 4 hawalihesabu kuwa la Marans. Naipenda sana kanuni hiyo, kwa sababu inampima kuku kwa kazi yake, si kwa manyoya tu. Wale weusi wenye shingo ya rangi ya shaba ndio wanaotafutwa zaidi, na ndio wanaouzwa kiholela zaidi. Ukiwaona Marans wasio na manyoya miguuni usidhani umetapeliwa: Waingereza, waliowachukua mwishoni mwa miaka ya 1920, waliamua kufuga wenye miguu mitupu. Wafaransa wanataka manyoya membamba miguuni. Kwenye banda lenye tope, manyoya hayo ni kazi ya kila wiki.

Welsummer ni wa kijiji cha Welsum, kando ya mto IJssel nchini Uholanzi. Yai lake halifikii uzito wa rangi ya Marans bora, lakini mara nyingi lina madoa meusi ambayo mimi nayaona mazuri kuliko rangi moja tupu. Ni kuku hodari wa kujitafutia, na vifaranga vyake unaweza kuvitenganisha jike na dume siku ya kwanza kwa mistari ya mgongoni: ya jike imekoza na kingo zake ni kali, ya dume imefifia. Anayeanza namwambia aanze na huyu.

Barnevelder, naye wa Uholanzi, ni mpole na manyoya yake yenye kingo mbili nyeusi ni ya kuvutia mno. Bahati mbaya uzuri huo ndio uliomponza: wafugaji wa maonyesho walichagua manyoya wakasahau kiota, na leo koo wengi hutaga mayai ya kahawia ya kawaida tu.

Penedesenca wa Katalunya wachache wanamjua. Mweusi wake hutaga mayai ya kushindana na Marans, ingawa ndewe zake zina weupe, na kuku wa ndewe nyeupe kwa kawaida hutaga mayai meupe. Anastahimili joto kuliko wenzake wote niliowataja. Lakini ni mwepesi, mwoga, huruka ua. Ukiwa na watoto wanaopenda kushika kuku, huyu hatawafaa.

Chochote utakachochagua, muulize muuzaji kuhusu jogoo. Rangi hii inaendeshwa na vinasaba vingi, na nusu yake inatoka kwa baba asiyetaga. Mfugaji makini atakuambia jogoo wake aliangulika kutoka yai la rangi gani. Asiyejua, mwache. Omba pia kuona mayai ya mwisho wa msimu, uyaone kwa macho, kwani picha hudanganywa kwa mwanga.

Rangi ikipotea ghafla, tafuta sababu. Ugonjwa wa mkamba wa kuku hupausha maganda, na dawa ya koksidia (vijidudu vya utumbo wa kuku) iitwayo nikabazini huyafanya kuwa karibu meupe, kwa hiyo soma lebo ya chakula kabla ya kumlaumu kuku.

Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam huniuliza kama yai hili lina lishe zaidi. Hapana. Ganda halibadilishi kilichomo, na unjano wa kiini ambao wengi huutumia kutambua yai la kienyeji unatokana na majani na mahindi aliyokula kuku.

Na ukitaka kuyaangulisha, nunua tochi kali ya kuyamulika uone kama kuna kifaranga ndani. Mwanga wa kawaida haupenyi ganda hili, na utatupa mayai yenye vifaranga hai ukidhani ni viza.