Amehama Tena: Dhana Potofu Kuhusu Wachezaji Wetu wa Nje

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, jina la mmoja wa wachezaji wetu wanaocheza nje huzagaa mitandaoni na hukumu hutolewa papo hapo: huyu kaisha, anazungushwa kama mpira. Dhana hiyo ndiyo kongwe na ndiyo yenye dhuluma kubwa zaidi, kwa hiyo naanza nayo.

“Anayehama kila mara ameshindwa.” Mtazame Mbwana Samatta wa Tanzania. Alipotua Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akitokea TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, alikuwa ameshatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na tuzo ya mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Hata hivyo, mabao hayo peke yake hayakumfikisha England. Tarehe 1 Januari 2020, Wesley, mshambuliaji wa Aston Villa, aliumia goti wakicheza na Burnley. Villa walikuwa wanapigana wasishuke daraja na walihitaji mshambuliaji wa kati ndani ya mwezi huohuo. Wakamchukua Samatta. Akafunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Siku chache baadaye korona ikasimamisha soka.

Ligi iliporudi hakufunga tena, hilo ni kweli. Septemba, Villa wakiwa wameponea kushuka, walimnunua Ollie Watkins, na kabla ya mwezi kwisha Samatta alikuwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Hesabu mwenyewe: alipata nafasi kwa sababu mwenzake aliumia, akaipoteza kwa sababu mwingine alinunuliwa kwa bei kubwa zaidi. Kati ya hapo alikuwa na miezi michache, tena iliyokatwa katikati na ugonjwa. Ndivyo kazi hii ilivyo kwa walio wengi. Kocha anabadilishwa, timu inashuka daraja, mwenye klabu anauza hisa, na mchezaji hana kauli katika lolote kati ya hayo. Samatta aliendelea: Antwerp, Genk tena, kisha PAOK ambako alitwaa ubingwa wa Ugiriki mwaka 2024, halafu Le Havre ya Ufaransa. Mtu aliyekwisha hasajiliwi na bingwa mtarajiwa wa Ugiriki akiwa na miaka 30.

Na kama idadi ya klabu ingekuwa kipimo cha kushindwa, Sebastián Abreu wa Uruguay angekuwa wa mwisho duniani, maana alichezea klabu 31. Waafrika tunamkumbuka kwa uchungu: ndiye aliyeudokoa mpira taratibu katikati ya lango kwenye penalti ya mwisho iliyoitoa Ghana kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia 2010. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa Copa América.

“Ulaya ndiko kufika, kwingine ni kustaafu.” Michael Olunga wa Kenya alikuwa mchezaji wa Guizhou ya China alipopelekwa Girona ya Hispania kwa mkopo mwaka 2017. Januari 2018 aliwafunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja ya La Liga. Hakubaki Hispania. Akaenda Kashiwa Reysol ya Japani, akashuka nayo daraja, akapanda nayo, na mwaka 2020 akafunga mabao 28 katika ligi kuu na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kwangu mimi huo ni msimu mkubwa kuliko miaka mitatu ya kukaa benchi kwenye klabu yenye jina.

“Kanunuliwa kwa mabilioni, sasa ni tajiri.” Ada ya uhamisho hulipwa klabu inayouza. Cha mchezaji ni mshahara, bonasi na malipo ya kusaini, na hata mshahara si wa uhakika kama tunavyodhani. FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani, ilipowahoji takriban wachezaji 14,000 mwaka 2016, asilimia 41 walisema waliwahi kucheleweshewa mishahara katika misimu miwili iliyotangulia. Mkataba wa wastani ulikuwa kama miezi 23. Ndugu anayepigiwa simu za michango kila wiki huenda anajua kwamba miezi michache ijayo atakuwa mchezaji huru, hana timu, na kodi ya nyumba ya ugenini inamsubiri. Kanuni za FIFA zinamruhusu kuvunja mkataba akidai mishahara ya miezi miwili, baada ya kuiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe. Kushinda madai hayo ni jambo moja, kupata fedha mkononi ni jingine, na msimu haumsubiri.

“Mtoto lazima atoke mapema, na wakala anahitaji fedha za kuanzia.” Hapa ndipo familia zinapouza viwanja. Kanuni ya FIFA haimruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wake wamehamia huko kwa shughuli isiyohusu soka. Samatta alienda Lubumbashi akiwa na miaka 18, na Ulaya akiwa na 23. Wakala halali ana leseni ya FIFA, jina lake linaweza kutafutwa kwenye orodha yao, na kamisheni yake hutoka kwenye mkataba uliokwisha kusainiwa. Anayetaka fedha za viza na “majaribio” kabla hujaona barua ya mwaliko, mwombe jina la klabu, kisha wapigie klabu wenyewe.