Kidato cha sita kinaisha Mei, vyuo vya nje hufunga Januari

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ofisi yetu ya ushauri wa udahili hapa Moshi hujaa. Mzazi anaingia na mtoto wake, matokeo yapo kwenye simu, daraja la kwanza, na swali ni moja: Septemba hii anaweza kwenda Uingereza? Mara nyingi jibu ni hapana. Alama hazina kosa lolote, kalenda ndiyo iliyokwisha kumpita.

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, hutangaza matokeo Julai. Uingereza, maombi ya shahada ya kwanza hupitia mfumo mmoja unaoitwa UCAS. Kwa kozi nyingi, tarehe ya kufunga ni katikati ya Januari. Kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Baada ya Januari maombi huendelea kupokelewa hadi 30 Juni, ila hapo chuo hakilazimiki kukutazama sawa na walioomba mapema. Ujerumani hali ni tofauti kidogo, maana kozi nyingi zinazoanza Oktoba hufungwa 15 Julai. Lakini matokeo yakitoka Julai na huna cheti mkononi wala nakala zilizothibitishwa, siku zinazobaki ni za kuhangaika tu.

Kwa hiyo anayetaka kuingia chuo Septemba anatakiwa kuomba akiwa bado darasani, pengine hata moko, mtihani wa majaribio, hajafanya. Chuo kitataka makadirio ya alama kutoka shuleni na barua ya mwalimu anayemfahamu. Hapo ndipo shule zetu nyingi hukwama. Mwalimu wa taaluma anasita kuandika A ambayo NECTA haijaitoa, anaona kama anaweka sahihi kwenye uongo. Wazazi, nendeni mkamweleze kwa heshima kwamba makadirio si matokeo. Chuo kikimkubali mtoto, humpa nafasi yenye masharti, kwamba atapokelewa endapo alama halisi zitafikia kiwango fulani. Yakitoka matokeo, NECTA inaweza kutuma uthibitisho moja kwa moja chuoni. Ukurasa wa matokeo uliochapishwa stesheneri hautoshi.

Kuna jambo lingine ambalo miongozo ya kigeni hailisemi kwa sababu waandishi wake hawalijui: JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Vijana wanaohitimu kidato cha sita huitwa kambini kwa mafunzo ya miezi mitatu, na kipindi hicho ndicho barua pepe za vyuo zinapoingia zikitaka majibu ndani ya siku chache. Kambini huwezi kukaa na simu ukisubiri ujumbe kutoka Manchester. Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja unayemwamini nywila ya barua pepe, na mpe orodha ya tarehe zote.

Njia ya pili ni kusubiri mwaka mmoja na kuomba ukiwa na matokeo halisi. Mimi naiona ndiyo njia bora kwa wengi, ingawa wazazi wa huku hawaipendi. Mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mzima majirani wanamuuliza maswali. Mwaka huo unatosha kushughulikia pasipoti, mtihani wa lugha na kasoro za majina.

Majina hasa. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la ukoo ni Mushi, kwenye cheti cha kidato cha nne karani aliandika Moshi. Massawe amepoteza s moja. Jina la ubatizo lipo NECTA, lakini RITA, wakala wa usajili wa vizazi, halipo. Nyumbani hakuna anayejali, wote wanajua ni mtoto wa nani. Ofisa wa viza hajui. Kwake hao ni watu wawili, na hawezi kumpa mmoja viza kwa vyeti vya mwenzake. Kasoro ndogo huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina tofauti kabisa hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo si kazi ya siku mbili. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (NIDA) na vyeti vya shule, usome herufi moja baada ya nyingine kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu kosa likishaingia kwenye pasipoti linasafiri nawe.

Mtihani wa lugha huwaudhi wengi: tumesoma sekondari yote kwa Kiingereza, bado tupimwe? Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo serikali ya Uingereza inazihesabu kuwa za wasemaji wa Kiingereza. Vipo vyuo vinavyokubali alama ya Kiingereza ya kidato cha nne, kwa hiyo uliza kwanza kabla ya kulipia IELTS, mtihani wa Kiingereza wa kimataifa. Matokeo yake hudumu miaka 2, basi usiufanye mapema mno.

Kuhusu insha ya kujieleza nitasema kidogo. Kwa wanaoingia kuanzia 2026, UCAS imeigawa katika maswali matatu, yote kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Sentensi ya "tangu utotoni nilipenda kusaidia watu" tunaifuta kila mara. Mwanafunzi mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) aliyetaka uhandisi alieleza alivyopima kasi ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, unaopita shambani kwa babu yake, kwa chupa tupu na saa ya simu, na kwa nini vipimo vyake vya asubuhi na jioni vilipishana. Hapo msomaji wa chuoni anamwona mhandisi.

Sasa fedha. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka uonyeshe ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa, pamoja na gharama za kuishi kwa muda usiozidi miezi tisa. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025, ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London na pauni 1,171 ukisoma kwingine, yaani pauni 10,539 kwa miezi tisa nje ya London. Fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Ukoo unaweza kuchanga zikatimia, lakini zikiingia wiki moja kabla ya ombi, ombi litakataliwa. Shamba la kahawa Kibosho halihesabiki, wala hati ya nyumba, wala hisa za SACCOS. Akaunti ikiwa ya mzazi, ongeza cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Mbali na hizo kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na cheti cha kipimo cha kifua kikuu.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila unaweka euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu unayoruhusiwa kutoa kidogo kidogo kila mwezi. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Marekani, tangazo la rais la Desemba 2025 liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi zilizowekewa vizuizi vya viza, zikiwemo za wanafunzi, kuanzia 1 Januari 2026. Angalia tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa chochote. Na kwa wapenda hesabu na kompyuta, IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, ina kampasi Zanzibar tangu 2023, ambako huhitaji viza.

Mawakala wapo, na wengine wanafanya kazi nzuri. Ila jua kwamba wengi hulipwa kamisheni na vyuo, hivyo watakusukuma kule wanakolipwa. Ombi la UCAS kwa wanaoingia 2026 ni pauni 28.95 kwa machaguo hadi matano. Ukitajiwa milioni, uliza hiyo tofauti inanunua nini. Ufadhili unaokutaka utume fedha kwanza ili "uachiwe" ni utapeli.

Mwisho, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Hapa nchini sifa ya chini ya kuingia shahada ni alama mbili za principal (ufaulu kamili wa somo) zenye jumla ya pointi 4.0. Vipo vyuo vya nje vitakavyokuchukua ukiwa chini ya hapo, vikafurahia ada yako, kisha ukirudi shahada ikakwama kutambuliwa. Anayekwenda kusoma udaktari aulize pia Baraza la Madaktari Tanganyika. TCU hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Iombe kabla hujalipa ada.