Pueblo Bonito: yanayosemwa na yaliyofukuliwa

Mtu akiziona kuta za Pueblo Bonito, jengo kubwa la kale lenye mamia ya vyumba katika bonde la Chaco huko New Mexico, Marekani, huuliza wajenzi wake walipotelea wapi. Hawakupotea. Ukame mkali ulioanza karibu mwaka 1130 ulichangia kuwahamisha, na vizazi vyao wapo hadi leo: Wahopi, Wazuni, Waacoma na Wapueblo wengine, wenyeji asilia wa eneo hilo, ambao simulizi zao bado zinaitaja Chaco. Kuwaita wazee wao “watu waliotoweka” ni kuwapokonya urithi wao. Kwangu, hii ndiyo dhana yenye madhara kuliko zote zinazosemwa kuhusu jengo hili.

Ile ya kwamba Waazteki wa Meksiko ndio waliojenga haihitaji maneno mengi. Duara za ukuaji wa mti ndani ya boriti, ambazo huonyesha mti ulikatwa lini, zinaonyesha ujenzi ulianza katikati ya karne ya 9, miaka mamia kabla ya dola ya Waazteki.

Wengine husema vyumba vyake 650 hivi vilijaa maelfu ya watu. Ingia vyumba vya nyuma: ni giza, na vingi havina jiko. Watafiti wengi sasa wanaamini wakazi wa kudumu walikuwa wachache, na sehemu kubwa ilikuwa ghala na mahali pa ibada.

Wala hawakuwa wamejitenga jangwani. Magogo ya kuezekea yalitoka milima iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 70, yakabebwa na watu, maana hawakuwa na gurudumu wala mnyama wa kukokota. Vigae vya vyombo virefu vya udongo, vilivyosimama kama bilauri, vilipopimwa vilikutwa na masalia ya kakao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Mkakao hauoti kabisa kwenye nchi ile kavu. Kakao hiyo ilitoka mbali kusini, Meksiko, kama walivyotoka kasuku wakubwa wekundu waliofugwa humo.

Na je, wote walikuwa sawa kwa hadhi? Chumba namba 33 kinaonyesha sivyo. Humo walizikwa watu 14, mmoja wao pamoja na maelfu ya shanga za feruzi. Vinasaba vya 9 kati yao, vilivyochapishwa mwaka 2017, vilionyesha ukoo mmoja wa upande wa mama uliodumu karne kadhaa. Mifupa hiyo ilichimbwa mwaka 1896 na kupelekwa New York, na utafiti huo ukalaumiwa na wanasayansi wengine kwa sababu Wapueblo hawakushirikishwa kabla haijapimwa.